Mtoto wa miaka mitatu anayejitupa chini hana uchawi

LUBUMBASHI. Wakaaji wa mji huu wanaijua vizuri picha hii. Mama anatoka soko la Kenya na mzigo kichwani, mtoto wa miaka mitatu anaona mandazi, mama anasema hapana, na mtoto anajitupa chini katikati ya njia. Anapiga miguu, analia mpaka pumzi inakatika. Watu wanasimama kuangalia. Mmoja anasema: «Huyo anaomba fimbo.» Mwingine, kwa sauti ya chini kidogo: «Mtoto gani huyo? Si bure.» Mama anashusha mzigo na kumpiga makofi mawili.

Makofi yale hayakuwa ya mtoto. Yalikuwa ya watu waliosimama. Mama alitaka waone kwamba anajua kulea. Shida kubwa ya malezi ya watoto wadogo hapa mjini iko hapo: mtoto analelewa mbele ya macho ya majirani, na aibu ya mkubwa inasikilizwa kuliko haja ya mdogo.

Mtoto wa miaka miwili mpaka minne anataka mambo mengi na ana maneno machache. Hajui bado kungoja, wala kusema «nimechoka», «naogopa», «tumbo linauma». Anachoshindwa kusema kwa kinywa anakisema kwa miguu na kwa meno. Kumwita kichwa ngumu kwa sababu hiyo ni sawa na kumkasirikia mtoto wa miezi sita kwa sababu hatembei.

Tuangalie pia siku yake inavyopita. Katuba na Ruashi, mama wengi wanatoka nyumbani kabla jua halijapanda. Mtoto anabaki na yaya wake wa miaka tisa, ambaye naye ni mtoto. Anakunywa uji asubuhi, kisha anangojea bukari ya jioni. Mwezi wa kumi, chini ya mabati, usingizi wa mchana haupatikani. Mama akirudi tu, yule aliyekuwa kimya siku nzima anaanza vituko. Majirani wanacheka: «Unaona, anakuchezea wewe tu.» Ni kweli, anamfanyia mama peke yake, kwa sababu ni mama anayemwamini. Alichofunga moyoni tangu asubuhi anakifungua pale anapojua hatatupwa. Robo saa ya kumpakata, kabla ya kuwasha mbabula, inaweza kuokoa saa mbili za kelele. Bila shaka robo saa hiyo ni ghali kwa mtu ambaye bado hajapika na makala yenyewe hajanunua.

Wanaotetea fimbo wana neno moja: «Sisi pia tulichapwa, na tumekuwa watu.» Sawa. Lakini ukiwauliza walichapwa kwa kosa gani walipokuwa na miaka mitatu, hakuna anayekumbuka. Wanakumbuka mkono tu. Mtoto aliyemuuma yaya wake, akachapwa kwa kuuma, anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye anayeumiza, na kesho atamtafuta aliye mdogo kuliko yeye.

Kuacha fimbo si kumwacha mtoto afanye anavyotaka. Hapa ndipo vijana wazazi wa siku hizi wanapoteleza: wameweka fimbo chini, wameshika simu. Mtoto analia, anapewa simu. Kesho analia ili apewe simu. Hapana inapaswa kubaki hapana, kwa sauti ya chini, na kwa watu wote wa parseli. Mama akikatalia mandazi, kisha kambo akatoa mia mbili kwa siri, mtoto hajaharibika: ameelewa vizuri sana jinsi nyumba inavyotawaliwa. Kumwambia mapema kunasaidia: tutapita sokoni, leo hatununui mandazi. Kumpa kitu kidogo cha kuchagua kunasaidia pia, kopo jekundu ao la bluu. Akishajitupa chini, maneno mengi hayaingii. Mkubwa achuchumae karibu, anyamaze, angoje. Akiwa karibu na mbabula ao barabara, abebwe mara moja, bila majadiliano. Na akishatulia, asisimuliwe kosa lake mpaka usiku.

Na baba? Katika nyumba nyingi, mtoto akitulia ni «mtoto wangu», akipiga kelele ni «huyu mtoto wako». Baba anaingia saa mbili ya usiku, anasikiliza mashtaka, anavua mkaba. Kosa lilikuwa la asubuhi. Mtoto wa umri ule hajui tena analipia nini.

Kuna watoto ambao shida yao inaomba muganga. Asiyegeuka akiitwa jina pengine hasikii vizuri, hasa kama masikio yake yanatoa usaha mara kwa mara. Aliyepona malaria ya kichwa anaweza kurudi nyumbani na tabia nyingine kabisa. Anayefikisha miaka mitatu bila kuunganisha maneno mawili, ao anayekodoa macho na «kupotea» kwa muda mfupi, apelekwe kituo cha afya. Kwa kifafa na magonjwa ya akili, Lubumbashi ina kituo cha Joseph Guislain.

Lakini familia nyingi zinapita kwanza kwenye chumba cha maombi. Kuomba si kosa. Kosa linaanza pale mchungaji anaponyoosha kidole na kusema mtoto ana uchawi. Na anayenyooshewa kidole, mara nyingi, hakuzaliwa na mwenye nyumba: ni yatima, ni mtoto wa mke wa kwanza, ni yule aliyeletwa baada ya msiba. Anakojoa kitandani, haongei, anavunja sahani. Mtoto aliyezika mama yake angefanya nini kingine? Ananyimwa chakula eti ni kufunga, wengine wanatiwa pilipili machoni, na kutoka hapo mpaka barabarani si mbali. Kati ya watoto wanaopokelewa na Wasalesiani kule Bakanja, wako waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kutesa watoto na kuwashitaki uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini, kwa anayemshitaki mtoto uchawi. Haisemi «isipokuwa mchungaji», wala «isipokuwa mjomba».

Wakubwa wa avenue wanajua vyumba hivyo viko wapi, maana ngoma zake zinawanyima usingizi. Wanajua pia ni parseli gani imepokea yatima mwaka huu. Kupita pale, kubisha hodi na kuuliza mtoto amekula nini leo hakuhitaji amri ya meya wala pesa ya usafiri.