Neno "Yeye" Halina Jinsia, Ulimi Wetu Unayo

Mashoga zangu! Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha, nina donge kooni.

Kila likitajwa jambo la Wazungu kuulizana waitwe kwa neno la kike au la kiume, tunacheka. Tunasema Kiswahili chetu hakina taabu hiyo. Kweli, "amekuja" ni amekuja, awe mwanamke au mwanamme. Hata Kifipa cha huku Milanzi, Sumbawanga, nilikoolewa na ninakoshona, hakitengi. Basi tunajiona tumesalimika.

Tumesalimika wapi? Jinsia tumeijaza kwenye kaka, dada, bibi harusi, na kwenye lile tusi jepesi midomoni mwetu: jikedume.

Kabla ya Idi alikuja mteja na kitambaa cha zambarau, sare ya harusi ya mdogo wake. Mrefu, mabega mapana, sauti nzito, vinyweleo kidevuni. Msichana wangu wa kazi akamwambia, "Karibu kaka." Ulimi huteleza. Mteja akajibu taratibu, "Mimi ni dada." Ilitosha kusema samahani dada, kaa. Lakini wateja wawili waliokuwa wakisubiri, wamejistiri vizuri mashaallah, wakatazamana, mmoja akalitamka lile neno. Wa pili akauliza nitampimaje kifua. Na mimi, tepu shingoni, nikanyamaza, maana mmoja wao ana oda kwangu ya magauni ya sendofu.

Suratul Hujurat, aya ya 11, imewakataza wanaume kuwadharau wenzao, kisha ikatutaja wanawake mbali, tusiwadharau wanawake wenzetu. Kuitana majina ya kejeli kumekatazwa hapo hapo. Tuliisoma madrasa sote.

Mtaniambia, "Je, kama si mwanamke kamili?" Kwanza, ndevu si ushahidi. Yapo maradhi ya ovari yanayoleta ndevu na kuvuruga hedhi, na mabibi harusi wangu wangapi wananiomba shela ifunike kidevu! Pili, hata akiwa huntha, maulamaa wamemfikiria zamani. Vitabu vya fiqhi vina hukumu za mirathi yake, na Mashafii wamempa safu katika sala, nyuma ya wavulana na mbele ya wanawake. Wakenya waliwahesabu mahuntha 1,524 katika sensa ya 2019. Mtu ana safu yake katika sala, wewe unamnyima benchi la fundi?

Na msiniambie habari ya anayejifanya. Mimi ninayepima miili kila siku sijapewa kazi ya kuikagua, seuze nyinyi mliokuja kufuata magauni.

Wiki ya kwanza huku nilimwita jirani yangu shoga, kama tunavyoitana Unguja. Akanuna siku tatu, kwani huku neno hilo ni jengine kabisa. Sikumfundisha Kiswahili cha kwetu. Nikamwomba radhi, nikamwita mama fulani kama alivyotaka. Kwa nini jirani nilimsikiliza mara moja, na mteja aliyesema "mimi ni dada" asisikilizwe na mtu?

Aliondoka bila kupimwa. Kitambaa alikiacha juu ya meza na bado kimo kabatini mwangu. Harusi ya mdogo wake imeshapita. Nikimpigia simu hapokei.