Kibao Kitapigwa Picha na Wengine

Wanachuo wenzangu, tukifika sehemu mpya na simu mkononi, wote tunajua pa kwenda: kwenye kibao, kwenye sanamu, kwenye geti kubwa. Pozi, picha, tumemaliza. Mimi nasema picha hizo ndizo zenye faida ndogo kuliko zote, na ushahidi wangu nautoa mbali, huko Wales.

Kwenye kisiwa cha Anglesey kuna kijiji chenye jina la herufi 58. Lilirefushwa hivyo makusudi karne ya 19 ili kuvuta wageni, na wageni wanaitika mpaka leo. Wanasimama kwenye kibao cha stesheni ya reli, wanapiga picha, wanaondoka. Zikusanye picha zao elfu moja, utaona kibao kilekile na nyuso tofauti. Wenyeji wananunua wapi mkate? Watoto wao wanakaaje darasani? Hutajua.

Sasa linganisha na Capel Celyn. Hiki kilikuwa kijiji kidogo kwenye bonde la mto Tryweryn, cha wakulima waliozungumza Kiwelisi: shule, kanisa, posta, nyumba chache na mashamba. Mwaka 1957 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kujenga bwawa hapo ili jiji la Liverpool lipate maji. Karibu wabunge wote wa Wales walipinga, ikawa kazi bure. Mwaka 1965 bwawa lilifunguliwa na kijiji kikawa chini ya maji. Halmashauri ya Liverpool ilikuja kuomba radhi mwaka 2005, miaka 40 baadaye.

Radhi hairudishi darasa. Lakini mpiga picha wa magazeti, Geoff Charles, alikuwa amefika mapema. Alipiga shule, alipiga watu na mashamba yao, alipiga wanakijiji walipokwenda Liverpool kuandamana. Mambo ya kawaida kabisa, ambayo siku ile pengine yalionekana hayana mpango. Leo mjukuu wa Capel Celyn akitaka kujua bibi yake alisoma wapi, jibu liko kwenye picha. Kazi za Charles, karibu picha 120,000, zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Wales, mjini Aberystwyth.

Najua kuna atakayesema: hiyo ilikuwa zamani, siku hizi kila mtu ana simu, picha zimejaa tele. Ni kweli zimejaa, ila zimejaa wapi? Kwenye simu ambayo ikiibiwa, imekula kwako. Na hata zikibaki, hazina maelezo: nani, wapi, lini. Picha ya Charles ina thamani kwa sababu ilipigwa, ikaandikwa, ikatunzwa. Sisi tunaishia kwenye kupiga.

Sisi wa ualimu hili linatuhusu moja kwa moja. Tukienda mazoezi ya kufundisha tunapelekwa shule ambazo wengine hawatafika maishani, halafu tunarudi na selfi tu. Tungeweza kurudi na picha za kisima, genge la sokoni, ubao wa matangazo, barabara wakati wa mvua. Hizo ni zana za kufundishia historia na jiografia ambazo huhitaji bajeti kuzipata.

Kuna sharti moja, na hapa sitanii. Mtu aombwe ruhusa kabla hujampiga, na mtoto asipigwe bila mzazi na mwalimu mkuu kukubali. Umaskini wa mtu siyo mapambo ya ukurasa wako.

Kwa hiyo naiomba serikali ya wanafunzi: kabla ya mazoezi yajayo, ikubaliane na maktaba ya chuo itengwe sehemu ya kuhifadhi picha hizi. Kila mwanafunzi alete kumi, kila moja na mistari miwili ya maelezo. Nanyi mtakaokwenda, kibao cha shule kiacheni, kitapigwa na wengine. Mpigeni mama lishe na jiko lake, kama amekubali.