Mstaafu karudi kijijini: mwonyeshe kwanza, pesa baadaye

Leo naweka kando viwavijeshi na bei ya mbolea. Nataka tuzungumze kuhusu mteja ambaye wengi wenu mnaye jirani na hamjui namna ya kumuuzia: mtu mzima aliyestaafu kazi akarudi nyumbani. Mwalimu, muuguzi, askari, dereva wa halmashauri. Makochi yake yanashushwa kwenye fuso, na kabla hajamaliza kuezeka jiko ameshatembelewa na watu saba wenye cha kumuuzia. Huyu ana kiwanja, yule ana ng'ombe wa maziwa "wa lita ishirini", mwingine ana mradi wa kuku ambao mabanda yake yapo kwenye picha za simu tu.

Maoni yangu ni haya, na najua wapo watakaonuna: tunawauzia vibaya wazee wetu. Tunamwona mstaafu kama kiinua mgongo chenye miguu. Tunamkamua siku moja, naye akishashtuka hanunui tena kwetu hata fungu la mchicha. Hasara ya kwanza ni yake. Ya pili ni yetu, na hiyo hudumu miaka.

Ili nieleweke nitawapeleka mbali kidogo, hadi Marekani, kwenye mashamba ya pamba. Huko kuna biashara kubwa ya kujenga miji na makazi ya wastaafu, na mji uliofungua njia ni Sun City, katika jimbo la Arizona karibu na Phoenix. Mahali penyewe paliitwa Marinette, palilimwa pamba, na ardhi ilikuwa ya kampuni ya kilimo ya J.G. Boswell. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mkandarasi Del Webb aliungana na wenye ardhi hao wajenge mji wa watu waliostaafu. Fikiria mwenyewe: jangwani, jua kali, mbali na watoto na wajukuu. Wataalamu wa mambo ya uzee walionya kwamba wazee hawatakubali kuishi mbali na familia zao.

Kampuni haikubishana na wataalamu ofisini. Ilimtuma mtu wake Florida, ambako wastaafu wengi walikuwa wakihamia, akakae nao na kuwauliza wenyewe. Akarudi na jibu jingine: wajukuu wanawapenda, lakini wanataka pia maisha yao, marafiki wa rika lao na kazi za kufanya kwa mikono yao. Hapo hapo, kabla ya tofali la kwanza, ndipo soko lilipoanza. Wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza mstaafu anataka nini kabla ya kumpangia mradi?

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda zaidi. Miaka ile, huko Marekani, ulikuwepo mtindo wa kuuza viwanja vya jangwani na vya kwenye vinamasi kwa njia ya posta. Mzee aliye kwenye baridi ya kaskazini anapokea karatasi nzuri yenye picha ya bwawa la kuogelea, anatuma pesa kidogo kidogo, na siku akifika anakuta vichaka. Del Webb alifanya kinyume. Alijenga kwanza. Uwanja wa gofu ukawepo, bwawa likawepo, maduka yakawepo, ukumbi na karakana za kazi za mikono zikawepo, na nyumba tano za mfano zikajengwa watu waingie wazione vyumba na wafungue makabati. Ndipo akafungua milango, tarehe 1 Januari 1960.

Katika siku tatu za kwanza walifika watu wapatao 100,000. Magari yalipanga foleni barabarani kwenye yale yaliyokuwa mashamba ya pamba. Nyumba 237 ziliuzwa siku hizo hizo, ya bei ya chini ikiwa kama dola 8,500. Matangazo yalikuwepo, tena mengi, lakini tangazo lilimfikisha mtu mlangoni tu. Kilichomfanya atoe pesa ni kwamba alipofika alikikuta kile alichoambiwa.

Hili ninyi mnalijua, kwa sababu ndilo shamba darasa. Mimi nikisimama ofisini nikawaambia kwamba mbegu fulani inastahimili ukame, mnaniitikia kwa heshima na kwenda kupanda ile ya babu. Nikipanda mistari miwili kando ya barabara, moja ya zamani na moja mpya, ikifika wakati wa jua kali sihitaji kusema neno. Ajabu ni kwamba elimu hii tunaiacha shambani. Tukienda kuuza tunarudia maneno matupu.

Mnakumbuka kware. Mwaka 2013 na 2014, Kenya na hapa Tanzania, yai moja dogo la kware liliuzwa kama dawa ya kila kitu. Aliyenunua wengi hakuwa mlaji. Alikuwa mfugaji mwingine mpya, anayetaka mbegu ili naye awauzie wafugaji wapya. Wapya walipokwisha, bei ikaanguka kwa kishindo na watu wakabaki na vizimba. Kwenye mkumbo ule walikuwemo wastaafu, kwa sababu ndio waliokuwa na pesa taslimu. Na nani aliwapelekea habari? Mara nyingi ni jirani, mtu wa dukani, mwenzao wa kwaya au wa msikitini, aliyeahidiwa asilimia yake kidogo. Kamisheni ile iliisha wiki hiyo hiyo. Lakini jina la mtu kijijini halina karatasi ya pili. Mpaka leo akipita na bidhaa nyingine, hata nzuri, watu wanacheka pembeni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mkali kidogo: ukitaka mstaafu aweke pesa kwenye mradi ambao haujasimama, hata uwe na nia safi, usimwendee. Anza wewe. Kuku hamsini wawe bandani. Kisha mwalike aje Jumamosi nzima, apime chakula mwenyewe, aokote mayai, aone na daftari. Ukurasa wa vifo usiufiche. Mwalimu mstaafu amesahihisha madaftari miaka thelathini, anajua ukurasa ulionyofolewa. Sun City nao walikuwa na utaratibu wa namna hiyo: mtu aliyekuwa anafikiria kuhamia aliweza kuja kupanga kwa bei nafuu na kukaa siku kadhaa pale pale mjini, akicheza na kula na walioshanunua. Walioshanunua ndio waliokuwa wauzaji bora, na hawakulipwa mshahara.

Jambo la pili ni maneno tunayotumia. Kabla ya Sun City, mzee kwenye matangazo alikuwa mtu wa kukaa kitini akisubiri. Watu wa Webb walimwonyesha akiogelea, akifinyanga vyungu, akicheza dansi na mkewe. Waliuza Jumatatu mpaka Jumapili ya mtu aliyeacha kazi. Sisi je? Tunamfikia bibi wa miaka sitini na miwili na kumwambia, "Mama, chukua maziwa haya, si unajua mifupa ya uzeeni." Jaribu kujiweka mahali pake. Jana alikuwa muuguzi mkuu wa zamu, leo wewe unamhesabia mifupa. Atakushukuru kwa adabu na kesho atanunua kwingine.

Mwambie yale anayoyafanya. Huyu kaja na hamu ya kupanda miti ambayo hakuwa na nafasi ya kuipanda alipokuwa kazini. Mche wa parachichi wa kubebesha, aina ya Hass, huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Kama una kitalu, usimuuzie mche na kuondoka. Muuzie na kuchimbiwa mashimo, samadi debe mbili kila shimo, na wewe kupita baada ya mwezi kuangalia. Mchi wa jembe kwa mtu wa miaka sitini si mchezo, na hapo ndipo kijana mwenye nguvu ana biashara halali. Hamwonei huruma mzee, anamuuzia kazi.

Nafika kwenye hesabu, maana bila hesabu hii ni hadithi. Mlisikia kelele za kikokotoo. Tangu Julai 2022 malipo ya mkupuo kwa mstaafu yaliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikatangaza kupandisha hadi 40 kwa wale wa makundi yaliyokuwa yakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Sitaingia kwenye ubishi wenyewe, kila mstaafu ana maneno yake juu ya hilo na nimeyasikia mengi. Ninachotaka mfanyabiashara aone ni upande wa pili wa hesabu: sehemu kubwa ya mafao sasa inakuja kila mwezi. Mteja wako hana tena furushi moja kubwa la kugombaniwa na madalali. Ana pesa ndogo inayorudi, mwezi baada ya mwezi, masika na kiangazi, mahindi yakikauka au yakistawi. Hapa kijijini ni nani mwingine mwenye kipato cha namna hiyo?

Zanzibar, tangu 2016, kila aliyefikisha miaka 70 anapata Pensheni Jamii hata kama hakuwahi kuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, shilingi zao 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Ni pesa ndogo, sitaki kuipamba, lakini ni ya maziwa, mayai, sukari na sabuni, yaani ni bidhaa zenu hasa.

Mtu wa namna hii anauziwa kwa mpango wa mwezi. Nusu lita ya maziwa kila asubuhi, inapelekwa mlangoni, analipa pensheni ikiingia. Kapu la mboga mara mbili kwa wiki, na ndani yake kile ulichovuna kweli, si kilichobaki gengeni. Trei ya mayai kila baada ya wiki mbili. Daftari liwe mawili, moja lako moja lake, na kila mmoja atie sahihi. Chukueni wazee kumi wa barabara moja, bodaboda ikazunguka mara moja, gharama ya usafiri inagawanyika na kubaki ndogo. Ukiweza kwa kumi, nusu lita kila mmoja, hizo ni lita tano zenye mwenyewe kila siku, hata siku ambazo gari la kukusanya maziwa halikufika.

Kuna upande wa Sun City nisioupenda na ni haki niuseme. Mji ule ulijengwa kwa wazee peke yao, na wakaazi wake waliposhika wingi wa kura walikataa mara kadhaa mikopo ya kujenga shule za eneo hilo, kwa kuwa wao hawakuwa na watoto shuleni. Ukiwatenga watu kwa rika, usishangae wakipiga kura kwa rika. Uholanzi wamejaribu njia nyingine. Katika mji wa Deventer yapo makazi ya wazee yaitwayo Humanitas ambako wanafunzi wa chuo wanapewa vyumba bure, na kodi yao ni saa 30 kwa mwezi za kuwa majirani wema: kula pamoja, kumfundisha mzee kutumia kompyuta. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika habari zake, na kwa mwenye kuuza, hilo ni tangazo ambalo pesa hainunui.

Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kidogo, maana sisi ujirani huo tunao bila mkataba. Au tulikuwa nao. Siku hizi napita nyumba nyingi nakuta mzee yuko peke yake na mjukuu wa miaka saba, watoto wako mjini na salamu zinakuja kwa simu. Anayemwona kila siku ni nani? Ni muuza maziwa. Ni kijana wa boda. Ukifika asubuhi ukakuta chupa ya jana bado ipo mlangoni, gonga, ita jirani. Watoto wake walioko mjini wakijua kwamba yupo mtu anayemwona mama kila siku, watakulipa wao hayo maziwa kwa simu, na wataongeza lita. Waambie hivyo wazi unapotafuta wateja, kwa sababu unawauzia kitu wanachokihitaji kuliko maziwa yenyewe. Ila ukishaahidi kupita kila siku, pita kila siku, hata ya mvua.

Mwenye kitalu au maziwa anayetaka kuanza na wazee wa kijiji chake aje ofisini siku ya gulio, tutapanga njia na kupiga hesabu ya mafuta ya pikipiki pamoja. Njoo na daftari, hata kama ni jipya. Na orodha ya bei iandike kwa herufi kubwa, kwa kalamu nyeusi, maana wengi wao wanatoka mlangoni wameacha miwani ndani.