Ruzuku Ina Mwisho

Sifa njema zote zinamstahikia Allah. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulianza mwaka 2012 na ukafika hadi vijiji vyetu vya Pemba. Awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020. Sehemu ya ruzuku ilifungwa na sharti: watoto wahudhurie skuli, na wadogo wapelekwe kliniki. Sharti hilo ni jema. Lakini mzazi aipokeaye, ikiwa hajui kusoma, hakuulizwa habari ya elimu yake mwenyewe. Huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na siku kaya yake itakapotolewa orodhani atarudi pale pale alipokuwa.

Mateka wa Badri waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina. Vipi sisi, wenye vyuo vya Qur'ani mitaani mwetu, tuwaache wazazi bila kisomo?

Tunawausia waumini wa kila msikiti wafungue darasa: kina baba wasome baina ya Magharibi na Isha, kina mama siku za maji mafu, kwani wakati wa bamvua wengi wao huwa pwani kwenye mwani. Wafundishwe kusoma, kuandika na kuweka hesabu za vikundi vya akiba. Walimu tunao, na gharama ya chaki na madaftari yaweza kubebwa na sadaka ya Ijumaa.

Ndugu Waislamu, tusingoje ruzuku ikatike ndipo tuanze. Wabillahi tawfiq.