Tauni Ikinyamaza, na Utafiti Unyamaze?

Kwa zaidi ya miaka ishirini, tauni ilikuwa na msimu wake katika milima ya Usambara Magharibi. Ilizuka Lushoto mwaka 1980, na tangu hapo wagonjwa wakawa wanaongezeka kati ya Desemba na Februari. Kuna msimu uliopita bila mgonjwa hata mmoja, na kuna ulioleta 1,150. Homa ilipanda ghafla, mitoki ikavimba kinenani au kwapani, na aliyechelewa kupata dawa alikuwa hatarini kufa ndani ya siku chache. Hadi ugonjwa ulipopoa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu zaidi ya 7,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 600 wamefariki.

Leo anayeomba fedha za kwenda kutega panya Shume au Manolo, huko Lushoto, ili kuwapima tauni ataulizwa: za nini, na wagonjwa hawapo? Malaria na kifua kikuu vinaua kila siku. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kutishana. Lijibiwe kwa kuangalia utafiti wa tauni ulitufundisha nini, na ni nini bado hakijafahamika.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu tauni ya Lushoto ilitoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako panya alikuwa akichunguzwa kwanza kama mwizi wa mahindi. Watafiti wake, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walipekua kumbukumbu za hospitali tangu 1986 wakazilinganisha na sensa ya 2002. Vijiji vitatu vya juu milimani, Madala, Gologolo na Manolo, vilionekana kuumia kuliko vingine. Katika kata yenye vijiji hivyo, hatari kwa mtoto wa miaka 10 hadi 14 ilikuwa mara 2.2 ya ile ya mtu mzima wa miaka 30 hadi 34. Na kwa watu wazima wa umri huo, hatari kwa mwanamke ilikuwa mara 2.4 ya mwanamume. Takwimu hizo zinakupeleka moja kwa moja ndani ya nyumba: nani analala sakafuni karibu na viroboto wa panya, nani anashughulika na mahindi ghalani. Bwana afya mwenye kujua hayo anajua pa kuanzia.

Utafiti wa tauni umetufundisha pia kutokurupuka. Panya wakifa kwa wingi, viroboto wao huhama kutafuta damu kwingine, na aliye karibu ni binadamu. Ndiyo maana dawa ya viroboto hutangulia, sumu ya panya ikafuata. Kijiji kinachoanza na sumu kwa hasira kinaweza kuupalilia ugonjwa kinaotaka kuufukuza.

Wapo wanaosema utafiti wenyewe ni hatari, nao hawajakosea. Mwaka 2009 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago alikufa kwa tauni baada ya kufanya kazi na bakteria waliodhoofishwa, wasioweza kujipatia madini ya chuma ipasavyo. Mwili wake, bila yeye kujua, ulikuwa na chuma kupita kiasi, na udhaifu wa bakteria hao ukakosa maana. Tukio hilo linadai nidhamu kali katika maabara. Lakini si kila utafiti wa tauni ni wa kuotesha bakteria. Kule Madagaska, kati ya 2020 na 2024, madaktari walilinganisha matibabu yanayoanza kwa sindano na vidonge vya siprofloksasini peke yake kwa wagonjwa wa tauni ya mitoki. Vidonge havikuzidiwa. Kwa zahanati ya mlimani yenye muuguzi mmoja, jibu hilo ni kubwa.

Na ukimya? Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Bandari ya Mahajanga, Madagaska, ilikaa miaka 62 bila tauni, hadi iliporudi 1991. Oran, Algeria, ilipata wagonjwa mwaka 2003 baada ya nusu karne ya utulivu. Kwa Lushoto, watafiti wale wa Sokoine na Ubelgiji walipochapisha matokeo yao mwaka 2006, mnyama pori anayewahifadhi bakteria kati ya mlipuko mmoja na mwingine hakuwa amejulikana. Bila kumjua, hatuwezi kusema tauni imeondoka. Tunachoweza kusema ni kwamba haijaonekana kwa watu.

Kazi inayotakiwa haihitaji jengo la fahari. Panya hunaswa, hutiwa usingizi, manyoya yake hupigwa brashi juu ya beseni jeupe, viroboto wakahesabiwa na kuhifadhiwa, damu ikapelekwa kupimwa. Kinachohitajika ni ifanyike kila mwaka, kabla ya Desemba, na watu waliofunzwa na kukingwa. Mradi wa mfadhili wa miaka mitatu hauwezi kuufuatilia ugonjwa unaoweza kujificha kwa miaka sitini. Stadi hizo pia hazifungwi na ugonjwa mmoja: Januari 2025, mgonjwa wa Marburg mkoani Kagera alithibitishwa kwanza na maabara tembezi ya huko huko, kisha Dar es Salaam.

Kwa hiyo fungu la kazi hii likae katika bajeti ya kawaida ya serikali na halmashauri, dogo lakini la kudumu, na majibu yarudi vijijini badala ya kuishia kwenye majarida. Diwani yeyote wa Lushoto anaweza kuanza kwa kuuliza katika kikao cha bajeti: panya wa kata yangu walipimwa mara ya mwisho lini, na majibu anayo nani?