Mche wa Pilipili Ukilala Baada ya Kupandikizwa

Dada yetu mmoja wa Handeni anaeleza kwamba alihamishia shambani miche ya pilipili mbuzi baada ya mvua za kwanza za vuli, na sasa, katika wiki ya pili, mingine imelala na mingine imekunja majani. Jirani amemshauri apige sumu. Fedha aliyobakiwa nayo ameitenga kwa sare za watoto, naye anauliza anunue sumu ipi.

Tunamsihi asinunue chochote kabla ya kuujua ugonjwa. Mche uliohamishwa hupoteza sehemu ya mizizi, na kwa jua la Handeni hulegea mchana hata ukiwa mzima. Ukiinuka jioni, utafutie kivuli cha makuti au nyasi kwa siku tano hadi saba, na uumwagilie shinani asubuhi au jioni. Mbolea ya chumvichumvi isubiri, maana huunguza mizizi iliyosalia. Kwa wenzetu wa Korogwe wanaolima bondeni kando ya Mto Pangani, shida huwa kinyume: maji yakituama, shingo ya mche huoza na kugeuka kahawia. Hapo kinachotakiwa ni mfereji, si ndoo.

Mche uliokutwa asubuhi umekatwa usawa wa ardhi ni kazi ya sota. Fukua taratibu kuuzunguka; utamkuta funza wa kijivu amejikunja. Mponde. Ikiwa kisiki kimebaki na jani au kikonyo chake, kiache, kitachipua.

Ugonjwa wa kuogopwa hasa ni mnyauko wa bakteria. Mche hunyauka ukiwa bado kijani. Siku za mwanzo huweza kuinuka usiku na kumdanganya mkulima, kisha hauinuki tena. Kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, chenye urefu wa kidole, ukishikilie wima ndani ya glasi ya maji safi bila kuyatikisa. Dakika chache zikipita, ukiona uzi mweupe kama moshi au maziwa ukiteremka kutoka kwenye mkato, bakteria ndio hao. Hakuna sumu ya dukani itakayouponya mche huo. Ung'oe pamoja na udongo wake, uuchome mbali na shamba, uoshe jembe, wala usiruhusu maji ya shimo lile yatiririkie miche mingine. Mahali hapo pasipandwe tena pilipili, nyanya, bilinganya, ngogwe wala viazi mviringo; pandeni mahindi, na msimu mmoja hautoshi.

Majani yaliyokunjamana nayo yasomwe vizuri. Yakijikunja kwenda juu, mara nyingi ni vithiripi. Yakijikunja kwenda chini, mfano wa mashua iliyopinduliwa, ni utitiri. Geuza jani uchunguze chini yake. Wadudu wakiwa wachache, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji katika lita tano za maji, kikinyunyizwa jioni chini ya majani, husaidia. Yakiwa na mabaka ya njano na kijani, yaani batobato, mche ung'olewe. Na anayevuta sigara au kutumia ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwani virusi vya tumbaku huishambulia pilipili pia.

Ikibidi kununua kiuatilifu, mchukulie bwana shamba jani lenye ugonjwa, usimpelekee maelezo ya mdomo peke yake. Kisihamishiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Watoto hawajui kusoma harufu.

Dada yetu aanze leo na glasi ya maji. Ikiwa maji yatabaki meupe pasipo uzi, ajazie mapengo kwa miche aliyoibakiza kitaluni, baada ya kuizoesha jua kidogo kidogo kwa wiki moja.