Karatasi za Saro-Wiwa na Wenye Kuzililia

Wapo wanaohamaki kila zitajwapo karatasi za Ken Saro-Wiwa. Ati mwandishi wa Ogoni, aliyeongoza watu wake kuitetea ardhi yao dhidi ya uchafu wa mafuta, akanyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995 pamoja na wenzake wanane, hakupata pa kuhifadhiwa ila Ayalandi! Hamaki hiyo ina ladha ya uzalendo, hoja haina. Karatasi hizo, barua 28 na mashairi 27, hazikuporwa. Zilitolewa kizuizini kwa siri, zimefichwa katika makapu ya mikate, zimfikie Sista Majella McCarron, mtawa wa Ayalandi aliyekuwa mwandani wa Waogoni. Mwaka 2011 naye akazikabidhi Chuo Kikuu cha Maynooth. Je, zingalibaki mikononi mwa askari wa Abacha, nani leo angaliziona?

Isitoshe, zilichapwa kitabu mwaka 2013, na mchapishaji mmojawapo ni CODESRIA ya Dakar. Anayelilia kabati la Maynooth na aseme kwanza kama amekifungua kitabu hicho.

Kuna na wengine, wasomi hasa, wanaozichungulia kwa ajili ya ushahidi tu. Ushahidi upo kwingine. Mwaka uleule wa 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba maji ya visima vya Nisisioken Ogale yana benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Hilo ni la wapimaji. Mashairi yataka wasomaji wa mashairi. Abdilatif Abdalla aliandika *Sauti ya Dhiki* kwa siri katika jela za Kenya, kati ya 1969 na 1972, na wapenzi wa ushairi hawakuichukua kama jalada la polisi, waliighani. Mashairi ya Saro-Wiwa ni ya Kiingereza, hayana mizani ya Pwani, na wapo watakaoyabeza kwa hilo. Wayabeze, lakini baada ya kuyasoma.

Juni 2025 serikali ya Nigeria ilitangaza kuwasamehe wale tisa. Waliohukumiwa na mahakama maalumu ya utawala wa kijeshi wasamehewe kosa gani? Anayetaka kumsikia aliyesamehewa hatamsikia katika tangazo la serikali. Atamsikia katika barua alizoziandika mwenyewe, akijua kamba yaweza kumfika.